Somo la 14: Lokole, Simu, na Jina la Shujaa



Katika masomo mawili yaliyopita tumeeleza amri ya nane ya Mungu, ile inayotukataza kumshuhudia jirani uongo. Huenda wengine walifikiri kwamba mambo yake yamekwisha. Hayakwisha, maana siku hizi uongo umepata miguu ambayo babu zetu hawakuijua, na vijana wetu wanauchukua mkononi mchana na usiku. Basi leo tutasema juu ya simu na mitandao yake, na juu ya neno moja ambalo mitandao hiyo hulitupa huku na huku kama karanga sokoni, yaani neno shujaa.

Lakini kwanza tuseme juu ya lokole, kwa sababu ninyi mnaijua kuliko sisi.

Kabla ya posta, na kabla ya redio, watu wa mto huu walikuwa na mtandao wao. Walokele walichimba mti ukawa na tumbo, wakaufanyia midomo miwili, mmoja wa sauti ya chini na mmoja wa sauti ya juu. Na kwa sauti hizo mbili waliweza kupeleka habari kutoka kijiji hata kijiji, kwa sababu lugha yao yenyewe hupanda na kushuka, na ngoma huyafuata maneno katika kupanda kwake na kushuka kwake. Mmisionari mmoja Mwingereza wa Kibaptisti, jina lake John Carrington, aliyefanya kazi miaka mingi Yakusu na huko kando kando, alijifunza jambo hilo hata akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini alikuwa na masikio mazuri, nasi twamshukuru kwayo. Alieleza kwamba mwezi na kuku, katika Kilokele, vikipigwa juu ya mti vina sauti zilezile. Je, mpigaji atafanyaje ili watu wasikimbilie kuku wakati anapotangaza mwezi? Huongeza maneno. Hapigi mwezi tu, bali hupiga mwezi unaotazama nchi. Hapigi kuku tu, bali hupiga kuku, yule mdogo, na mlio wake. Kwa hiyo habari ya lokole ilikuwa ndefu, tena ndefu sana, na anayeharaka angeona ni kupoteza wakati. Lakini urefu ule ulikuwa ni ulinzi wa ukweli.

Tena lokole haikumwita mtu kwa jina tupu. Ilimwita kwa jina lake la ngoma, pamoja na la babaye, na kijiji cha upande wa mamaye, ili asije akaitwa mwingine. Na yule mpigaji? Kila mtu alijua mkono wake. Akipiga uongo usiku, asubuhi watamkuta chini ya mti wake, na wazee watakuwa na neno la kumwuliza.

Sasa tuje kwenye simu. Tumepokea barua ya kijana mmoja, mwanafunzi wa Kisangani, aliyelelewa na katekista katika kijiji cha mtoni, na ambaye hatutamtaja jina kwa sababu alituomba hivyo. Barua yake ni ndefu, nasi hatuwezi kuisoma yote. Kwa kifupi, anasema hivi. Yeye na wenzake wana kundi katika WhatsApp, ambamo hupeana habari za masomo, za mitihani, za vyumba vya kupanga, na za mazishi. Siku zile za mwaka 2023, ulipoanza ugomvi wa Wambole na Walengola huko Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, kundi lile likageuka. Zikaanza kuingia picha na sauti. Mara ni nyumba inayoungua, na chini yake maandishi ya kuwasifu waliotia moto. Mara ni kijana ameshika panga, na watu wanaandika kwamba huyo ndiye shujaa wa kabila. Naye akaambiwa, kama wengine walivyoambiwa: peleka mbele, usipopeleka wewe si mtu wetu.

Ndugu, mnakumbuka mambo hayo. Ugomvi ulizaliwa kwa sababu ya ardhi, mnamo Februari 2023, na kabla watu hawajafahamu vizuri nani aliuza nini kwa nani, damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Nyumba ziliteketezwa, watu waliuawa, na maelfu walivuka mto kwa mitumbwi wakiwa na watoto mgongoni, wakaenda kulala upande wa kuume wa mji pasipo godoro wala sufuria. Kabla ya hapo, Wambole na Walengola walikuwa wameoana na kulima pamoja tangu siku za babu zao. Hatusemi kwamba simu ndizo zilizoleta vita hiyo. Ardhi ndiyo iliyoileta, na tamaa, na wakubwa wasiopenda kusema wazi. Lakini moto uliowashwa kwa kiberiti, simu iliupepea.

Kijana huyu hakupeleka mbele. Anaandika kwamba hakufanya hivyo kwa ushujaa wo wote, bali kwa sababu mama yake ni mtu wa ng'ambo ile, naye alipoona nyumba inayoungua alifikiri juu ya nyumba ya mjomba wake. Wenzake wakamwita mwoga. Kisha anatuuliza: Je, shujaa ni nani? Ni yule anayetazamwa na watu elfu ishirini? Na mtu asiyetazamwa na ye yote, anaweza kuwa shujaa? Ni maulizo mazuri, nasi tunafurahi kwamba yametoka kwa kijana, kwa maana wazee wengi hawajajiuliza.

Kabla ya kumjibu, yafaa ninyi mlio vijijini mfahamu jinsi mtandao huu unavyofanya kazi, kwa sababu si uchawi. Ni hesabu tu. Mtu mmoja akipeleka habari kwa watu 5, na kila mmoja wao kwa watu 5, na hivyo hivyo mara 5, basi wale wa mwisho peke yao ni watu 3,125. Mara tano tu! Kijiji kizima, na kijiji cha pili, na cha tatu, kabla chai haijachemka. Wenye kampuni ya WhatsApp wenyewe waliona hatari hiyo. Mwaka 2018, huko Uhindi, watu wasio na kosa waliuawa na makundi ya watu kwa sababu ya uvumi uliopita katika simu kwamba wezi wa watoto wanazunguka vijijini. Ndipo kampuni ikaanza kupunguza, na mwaka 2019 ikaweka sheria kwa dunia nzima kwamba mtu asiweze kupeleka habari moja kwa zaidi ya makundi 5 kwa mara moja. Na mwaka 2020, kwa habari iliyokwisha kupita mikono mingi, ikabaki moja tu. Tazameni basi: hata mwenye duka ameona kwamba bidhaa yake inahitaji kufuli.

Katika mitandao mingine, kama Facebook na TikTok, liko jambo la pili. Mashine hupima ni kitu gani watu wanakitazama kwa muda mrefu, ni kitu gani wanakijibu kwa hasira au kwa kicheko, na kitu hicho ndicho inachowapelekea watu wengine. Mashine haiulizi kama ni kweli. Haiulizi kama ni chema. Mama anayemwogesha mgonjwa wa jirani hatazamwi. Watu wawili wanaotukanana barabarani hutazamwa na mji mzima. Kwa hiyo, mwenye kutaka kuitwa mkubwa hujifunza haraka kutukana. Nasi hatushangai.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba simu ni kazi ya shetani, kama tulivyosikia mhubiri mmoja akisema, huku simu yake ikilia mfukoni. Kwa simu mzazi wa Opala hupata habari za mwanawe aliye hospitali ya mjini. Kwa simu mwalimu hupokea mshahara wake. Yuko hata kijana Mwitalia, Carlo Acutis, aliyekufa mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu, ambaye aliipenda kompyuta na kuitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi Takatifu, na Kanisa limemtangaza kuwa Mtakatifu mnamo Septemba 2025. Chombo ni chombo. Lokole nayo iliita watu kwenye sherehe, tena iliita watu kwenye vita.

Basi turudi kwenye neno shujaa.

Katika mji wetu wa Kisangani tumeona neno hili likivaliwa na kuvuliwa kama kanzu. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta katika mji huu, siku zile ukiitwa Stanleyville. Watu wa hapa walimpenda mapema kuliko wengine. Desemba 1960 askari wa Mobutu walimkamata, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa huko Katanga. Lakini tarehe 30 Juni 1966 ni Mobutu yuleyule aliyesimama mbele ya taifa na kumtangaza kuwa shujaa wa taifa. Kinywa kilekile! Na mnamo Juni 2022, jino lake, ambalo peke yake lilibaki katika mwili wake, liliporudishwa kutoka Ubelgiji na kupitishwa hapa Kisangani, watu walilia njiani kana kwamba amekufa jana. Hatusemi kwamba hakustahili. Twasema tu kwamba jina la shujaa, likitolewa na wenye nguvu, mara nyingi hutolewa kwa faida ya mtoaji.

Tena mnamo Agosti 1964 Simba waliingia mjini, na wengi wakawapigia makofi. Walikuwa vijana, wengine watoto hasa, walioambiwa kwamba dawa ya vita itageuza risasi kuwa maji. Redio ya Stanleyville ikatumiwa kutangaza vitisho. Mnaona? Hakukuwa na simu ya mkononi wakati ule, lakini redio ilitosha kuwafanya watu wawaogope jirani zao na kuwaita wauaji mashujaa.

Ni katika siku hizohizo, lakini huko Isiro, ndipo lilipotokea jambo ambalo hatuchoki kulisimulia. Mwenye heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba mwaka 1939. Alikuwa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu, katika nyumba ya Bafwabaka. Alifundisha watoto, alitunza sakristia, na wala hakuwa mtu wa kujulikana mbali. Tarehe 29 Novemba 1964 Simba walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote katika gari. Waliambiwa wanapelekwa Wamba. Njiani safari ikageuzwa, wakafikishwa Isiro. Huko kanali mmoja alimtaka Anuarite awe mke wake. Alikataa. Usiku ule kanali wa pili, Olombe, akamlazimisha yeye na mwenzake Sista Bokuma waingie garini; wakakataa tena; wakapigwa kwa kitako cha bunduki, hata mkono wa Bokuma ukavunjika. Anuarite, huku akipigwa, alimwambia yule mwenye kumpiga kwamba anamsamehe. Wakamchoma kwa visu vya bunduki, kisha Olombe akampiga risasi. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba alikuwa amekufa, bila kutimiza miaka 25.

Sasa fikirini. Ni nani aliyetazama? Masista wenzake, katika nyumba ile ya Isiro, wenye hofu kama yeye. Hakuna picha. Hakuna redio iliyolitangaza jina lake siku ile. Wakamzika katika shimo moja na wengine. Nasi tumejuaje? Tumejua kwa sababu walioona walisema, kila mmoja kwa jina lake, mbele ya watu waliowauliza tena na tena: Ulikuwa wapi? Uliona kwa macho yako, au uliambiwa? Nani alisema neno lile? Ilichukua miaka ishirini na zaidi. Ni tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, ndipo Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Mwenye heri, naye Papa akamsamehe hadharani yule muuaji.

Kijana wetu anasema katika barua yake kwamba rafiki zake walimfanya mtu shujaa kwa saa moja. Kanisa lilitumia miaka ishirini kwa msichana mmoja wa Wamba. Wako wanaolaumu upole huo, nasi wenyewe zamani tuliona ni mwendo wa kobe. Lakini lugha yetu ya Kiswahili imetuwekea hazina hapa. Anayesimama barazani na kusema aliyoyaona, twamwita shahidi. Na anayekufa kwa ajili ya imani, kama vijana wale wa Uganda waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887, yeye pia twamwita shahidi. Neno ni moja. Shujaa wa Kikristu ni mtu aliyesema kweli kwa mwili wake. Nasi twamjua kwa sababu wengine walisema kweli kwa kinywa chao. Akikosekana shahidi wa pili, wa kwanza hasimuliwi. Na akiwa shahidi wa pili ni mwongo, basi twamweka mwuaji juu ya altare.

Wako pia wale wasio na jina. Kuanzia tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, katika mji usio wao, kwa makombora zaidi ya elfu sita. Mamia ya raia walikufa. Waliotoka kuwaokota maiti na kuwazika, makombora yaliponyamaza, walikuwa wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu, watu wa mitaa yetu. Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamua tarehe 9 Februari 2022 kwamba Uganda ilipe dola milioni 325 kwa ajili ya maovu yaliyofanyika katika nchi yetu, na jambo hilo limeandikwa katika magazeti yote. Majina ya waliobeba machela hayakuandikwa. Kama katika kijiji chenu au mtaa wenu yuko mmoja wao, na bado anaishi, mwendeeni mkamwulize. Naye, tunavyowajua watu wa namna hiyo, atajaribu kuwapa habari za mtu mwingine.

Kijana anauliza tena kama ushujaa ni wa siku za vita tu. Tunamjibu kwa habari ya mwanafunzi mwenzake. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Goma, na katika jumuiya ya Sant'Egidio aliwafundisha watoto wa barabarani. Kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Kazi yake ilikuwa kutazama chakula kinachoingia, na kilichooza kukiharibu. Walimletea fedha ili apitishe chakula kibovu. Akakataa. Wakaongeza. Akakataa tena. Alimwuliza sista mmoja aliye daktari kama chakula kile kingewadhuru watu kweli. Yaani hakutaka kushikilia jambo kwa ukaidi tu, alitaka kujua ukweli wake. Mnamo Julai 2007 alitekwa, na tarehe 9 mwezi huo mwili wake ukaonekana. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, ametangazwa Mwenye heri. Wale waliokula wali usiooza mwaka ule hawakujua kamwe kwamba yuko mtu aliyewaokoa.

Ndiyo maana tunamwambia mwanafunzi wetu: Wewe uliyeacha kupeleka mbele picha ya Lubunga, hatutakuita shujaa, nawe hukutuomba. Ulifanya ile kazi ya mkaguzi mpakani. Kilifika mkononi mwako chakula kibovu, nawe hukukipitisha. Lakini mkaguzi mwema hanyamazi tu. Floribert aliuliza, kisha akaharibu. Nawe pia, siku nyingine, yafaa uandike katika kundi lile: Nani aliona? Wapi? Siku gani? Watakutukana kidogo. Mwenye kupiga lokole aliulizwa maswali hayo, wala hakuudhika.

Kwa ninyi makatekista wenye simu tuna neno moja la kazi. Watu wa vijijini wanawaamini, na kwa hiyo habari ikitoka katika simu yenu inavaa kanzu yenu. Marehemu Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa mwaka 2018 juu ya habari za uongo, alikumbusha kwamba nyoka wa bustani ya Edeni ndiye aliyetangulia kutunga habari ya namna hiyo, kwa kuchanganya uongo na kipande cha kweli. Basi ikija habari ya kabila, au ya ugonjwa, au ya mtu aliyeuawa, iacheni ilale usiku mmoja. Asubuhi mpigieni simu mtu aliye mahali penyewe, mwenye jina mnalolijua. Kama hayupo, ifuteni. Na ikiwa ni kweli, nayo yahusu kifo cha mtu, pelekeni jina lake na la babaye na kijiji chake, kama lokole ilivyofanya, wala msipeleke picha ya maiti yake, kwa maana mama yake naye ana simu.

Juma lijalo, saa ileile, tutaanza amri ya tisa. Wenye maulizo wayaandike na kuyapeleka kwa padri wa misioni yao. Tumsifu Yesu Kristu.